Fidia Imeamuliwa, Udongo Je?

(Hotuba kwa wakazi, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi wa vyuo, Mombasa)

Mzee mwenyekiti, wazee wetu, akina mama mlioacha biashara zenu asubuhi hii, vijana, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: salaam aleikum, na kwa wengine, Bwana asifiwe. Nimeombwa nizungumze kuhusu mtaa wa Owino Uhuru. Najua siku hizi jina hilo likitajwa kila mtu husubiri asikie neno moja, pesa. Mimi sina habari za pesa. Anayetaka kujua hundi itatoka lini amuulize wakili. Mimi nimekuja kwa ajili ya udongo.

Kwa wageni, nieleze kwa ufupi. Mwaka 2007 pale Mikindani kulianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, mtaa wenye wakazi wapatao 3,000. Moshi ulitua kwenye mabati, maji machafu yalipita vichochoroni, na wafanyakazi walirudi nyumbani jioni na vumbi la kazini kwenye nguo. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, na alipopimwa damu ikakutwa na risasi. Mama huyo akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea kupiga kelele. Kiwanda kikafungwa 2014, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kesi nayo ina safari yake. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na katika kugawa lawama, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira tuliyoiweka itulinde, ilibebeshwa fungu kubwa kuliko wote. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia ile ikataka ihesabiwe upya. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Bilioni 1.3 inakumbukwa na kila mtu, hata mtoto wa darasa la nne. Lakini hukumu ile ya 2020 ilikuwa na amri nyingine, na hiyo naona imesahaulika. Mahakama iliamuru udongo na mazingira ya pale yasafishwe ndani ya miezi 4, na walioshtakiwa wasiposafisha, walipe shilingi milioni 700 ili walalamikaji wenyewe wasimamie usafishaji. Miezi 4 ikapita. Watu wakaenda rufani. Udongo hauendi rufani, wenyewe ulibaki palepale.

Basi msimamo wangu ni huu, na mtanisamehe wale utakaowakera: udongo uanze. Si kwamba fidia haina haki, ina haki na imechelewa mno. Lakini fikirieni mitaa yetu inavyoishi. Wengi pale ni wapangaji. Mtu akipokea fungu lake atahama, na ana kila sababu ya kuhama. Chumba kitakaa wiki, kisha atakuja mpangaji mwingine, pengine binti aliyetoka Kilifi au Kwale kutafuta kazi, ana mtoto wa miezi minane anayetambaa. Mtoto huyo hayumo kwenye kesi. Hana jina kwenye orodha yoyote. Atakachopata ni sakafu.

Hapo kwenye sakafu ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo sumu hii inapofanyia kazi yake. Risasi haiozi, haichachi, haifi kwa jua. Kuna sumu ambazo ukiziacha ardhini miaka kumi vijidudu vya udongo huzila zikaisha. Risasi ni madini, ni elementi, yaani haina kitu kingine cha kugeuka. Iliyotua 2009 ni ileile. Na kwa kawaida haishuki mbali, hujishika kwenye udongo wa juu, yaani palepale mtoto anapoweka viganja. Mtoto mdogo akimeza vumbi lenye risasi, mwili wake hunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile. Mwili huidhania kuwa kalisiamu ukaipeleka kwenye mifupa, na humo hukaa miongo. Msichana aliyeipata utotoni akija kushika mimba, mifupa yake inapotoa kalisiamu ya kumjenga mtoto, hutoa na risasi.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa 2021 unataka hatua zichukuliwe damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, hatua ya kwanza ikiwa kutafuta sumu inatoka wapi na kuikatiza. Utafiti uliochapishwa 2018 ulilinganisha watoto wa Owino Uhuru na wa mtaa jirani wa Bangladesh. Wastani wa risasi kwenye damu za watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mara mbili ya wenzao, na udongo wao ulikuwa na risasi zaidi ya mara 10. Tanuri lilikuwa limeshazimwa. Hakukuwa na moshi tena wa kulaumiwa.

Sasa daktari mmoja ataniambia kwamba dawa ipo. Ipo. Zipo dawa zinazoishika risasi mwilini zikatoka nayo kwenye mkojo, na hutumika damu ikizidi sana, kuanzia mikrogramu 45. Lakini sikilizeni yaliyotokea Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Kule wanakijiji walikuwa wakisaga mawe nyumbani kutafuta dhahabu, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Madaktari Wasio na Mipaka walipofika na dawa, walishikilia sharti moja: mtoto hatibiwi akarudishwa kwenye ua ambao haujasafishwa, kwa sababu atairudia sumu ileile siku ileile. Ua kwanza, dawa baadaye. Vijiji vilisafishwa kimoja baada ya kingine, kazi ikifanywa na wanakijiji wenyewe kwa sepetu na magunia. Udongo wa juu ulikwanguliwa, ukazikwa kwenye mashimo maalumu mbali na visima, kisha ukaletwa udongo safi kufunika. Wale hawakuwa na mitambo ya ajabu. Walikuwa na vipimo, utaratibu, na watu wa kuwasimamia. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kutuambia kwamba Kenya haina uwezo wa kiufundi, tumuulize kijiji cha Zamfara kiliupata wapi.

Kuna na mfano wa kosa, nao unafanana zaidi na maisha yetu. Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, Senegal, ni mtaa wa wavuvi. Wavuvi wale walikuwa wakiyeyusha risasi kutengeneza chubwi za nyavu, kama wanavyofanya baadhi ya wavuvi wetu hapa, na betri chakavu zikawa biashara. Bei ilipopanda, akina mama wakaanza kuchekecha mchanga wa mtaa kuokota vipande vya risasi. Walibeba mchanga ule nyumbani kwenye magunia. Kati ya mwishoni mwa 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Serikali ilikuja ikazoa udongo barabarani, lakini vipimo vilipofanywa ndani ya nyumba, vumbi la ndani lilikuwa bado limejaa risasi. Walisafisha nje wakaacha ndani.

Kwa hiyo tukisema kusafisha, tunasema nini hasa?

Kazi huanza kwa kupima, na kupima huku si kwa kuchukua kopo moja la udongo getini. Kipo kifaa cha mkononi, umbo lake kama drili ya fundi, unakigusisha ardhini kinatoa eksirei na ndani ya dakika moja au mbili kinakuambia kiasi cha risasi. Mtaa hugawanywa viraba, kila ua hupimwa, kila chumba, kisha hutobolewa mashimo madogo kujua sumu imeshuka kina gani. Marekani, kwa mfano, mwaka 2024 ilishusha kiwango cha kutilia shaka udongo wa makazi kutoka sehemu 400 hadi sehemu 200 kwa milioni. Sisi tuchague kiwango chetu kabla kifaa hakijafika, kiandikwe, kisainiwe. Kiwango kikichaguliwa baada ya matokeo kutoka, kitachaguliwa na mwenye kulipa.

Kina ndicho kinachoamua gharama, na hapa naomba mnisaidie hesabu. Chukua ua wa mita 10 kwa 10. Ukikwangua sentimita 5 tu, umepata mita za ujazo 5, kama tani 7 na nusu, lori moja dogo. Ukilazimika kuchimba sentimita 30, ni tani 45. Malori sita, kwa ua mmoja. Ndiyo maana pale ambapo sumu imekaa juu hukwanguliwa juu, na mahali yalipopita maji ya asidi ya betri, ambapo risasi hushuka zaidi kwa sababu asidi huilegeza, ndipo huchimbwa kwa kina. Mkandarasi atakayetaka kuchimba mtaa mzima kina kimoja anatafuta malipo ya malori. Na atakayetaka kukwangua mtaa mzima sentimita 5, hilo nalo mnalijua.

Halafu kuna mpangilio. Nyumba huifagii ukaanza na uwanja ukamalizia na dari. Huanza chanzo chenyewe, yaani eneo la kiwanda: masalia ya tanuri, vumbi lililobaki kwenye kuta na mabomba ya moshi, mashimo ya asidi, maganda ya betri. Kile kikiachwa, upepo wa kaskazi utarudisha nusu ya kazi yetu kabla mwaka haujaisha. Inayofuata ni paa. Mabati yaliyokula moshi miaka saba yana vumbi kwenye mikunjo yake, na mvua ya kwanza hulishusha kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Halafu kuta. Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ripoti nyingi hupita jambo hili mbio: nyumba ya fito na udongo imekandikwa kwa udongo gani? Kama ni udongo uliochotwa palepale, basi ukuta wenyewe ni sehemu ya taka, na mtoto anayekwangua ukuta kwa kucha, kama watoto wote wafanyavyo, anakula taka. Kuta za namna hiyo hupigwa lipu nzuri au zinavunjwa na kujengwa upya, na gharama hiyo haihusiani na fidia ya mtu. Ni gharama ya usafishaji. Baada ya kuta ndipo huja sakafu na ua.

Udongo ukishatoka, hutandikwa kitambaa maalumu chenye rangi ya kuonekana, kisha udongo safi juu yake, kisha changarawe, saruji au nyasi. Kitambaa kile kina kazi ya maana. Miaka kumi ijayo fundi akichimba msingi wa choo na sepetu ikagonga kitambaa, ajue amefika mahali pa kusimama.

Wakati wa kuchimba nao si wakati wowote. Masika yakianza, kila lundo lililoachwa wazi litatiririka hadi baharini. Kipindi cha kiangazi vumbi hupaa, kwa hiyo lazima boza la maji liwepo kila siku na udongo uloweshwe kabla haujaguswa. Mtaa ambao wakati mwingine hukaa siku kadhaa bila maji ya mfereji hauwezi kuambiwa ulete maji yake.

Vijana, najua mnachowaza: kibarua. Nakubaliana nanyi, kazi hii ifanywe na watu wa hapa. Lakini kibarua cha risasi si kibarua cha mjengo. Utapimwa damu kabla ya kuanza na utapimwa tena kazi ikiendelea. Utavaa ovaroli, glavu na barakoa ya kuchuja vumbi, si leso. Hutakula mandazi ukiwa umeshika sepetu. Jioni utaoga palepale na nguo zitabaki palepale. Ukizivaa kurudi nyumbani, utakuwa umemfanyia mwanao kile ambacho kiwanda kiliwafanyia watoto wa wafanyakazi wake. Mkandarasi asiye na bafu kwenye mpango wake asipewe kazi. Mimi ningeanza kusoma zabuni kwa kutafuta neno bafu.

Zipo na njia za mkato, na mtauziwa. Ya kwanza ni alizeti. Kila mwaka hujitokeza mtu kusema mimea itaifyonza risasi yote. Mimea huinyonya risasi kidogo mno, kazi ingechukua vizazi, na mimea yenyewe ukishaivuna imekuwa taka yenye sumu ambayo mbuzi wa jirani ataipenda sana. Ya pili ni ya kweli zaidi, nayo ni mifupa ya samaki. Fosfati iliyomo kwenye mifupa iliyosagwa hushikana na risasi ikawa kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi tumboni. Mwaka 2011 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitumia unga huo kwenye mtaa wa South Prescott, Oakland, California. Sisi watu wa pwani mifupa ya samaki haitupi shida. Lakini hata kule walichanganya unga na udongo kisha wakafunika juu, na risasi bado imo mlemle. Kwa ua wenye kiwango cha wastani naikubali. Kwa eneo la tanuri, hapana.

Nimesikia pia semina zikifanywa kuwafundisha akina mama kuwanawisha watoto mikono, kupiga deki badala ya kufagia kukavu, kuwapa dagaa na mboga za majani ili wawe na madini ya chuma na kalisiamu. Ushauri ni sahihi. Mtoto mwenye upungufu wa chuma hunyonya risasi zaidi, na deki hushika vumbi ambalo fagio hulirusha. Fanyeni. Ila sipendi ushauri huo ukitolewa na ofisi iliyotakiwa kuleta sepetu. Mama aliyeamka alfajiri kukaanga mahamri haiwezekani abebeshwe kazi ya kuzuia kwa kitambaa chenye maji kile ambacho leseni ya serikali iliruhusu kumwagwa.

Swali la pesa za kazi hii, basi niligusie, ingawa nilikwepa mwanzo. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria yetu ya mazingira ya 1999 inasema mchafuzi hulipa, inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira, na inautaja Mfuko wa Taifa wa Kurejesha Mazingira. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema sheria haikuwazia jambo hili. Ninachopendekeza mahali pa kuanzia ni kidogo: fedha za usafishaji zikae kwenye akaunti yake, zisichanganywe na fidia hata kwa siku moja, na anayepima udongo baada ya kazi asiwe yuleyule aliyelipwa kuuchimba.

Limebaki jambo la lori. Udongo ule unakwenda wapi? Mwakirunge hapana. Jaa lile limewekewa takataka za mji, na kuna watu wanaookota chupa pale kila siku na watoto wao. Taka hii inahitaji shimo lililotandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene chini, lenye mfereji wa kukusanya maji yanayochuja na visima vya kuyapima, au ichanganywe na saruji kwanza ili risasi isichuje. Kisheria, lori la taka hatari husafiri na hati inayosema limebeba nini, uzito gani, limetoka wapi na limepokelewa na nani. Hati huwa na nakala. Mzee mwenyekiti, nakala moja ya kila lori inaweza kubaki mtaani, mkononi mwa kamati yako, na mwisho wa kila wiki vijana hawa wa chuo wakajumlisha tani zilizotoka na tani zilizopokelewa kule zilikokwenda. Hesabu mbili zikipishana, kazi isimame Jumatatu asubuhi hadi tofauti iandikwe ni ya nini.

Nimemaliza upande wangu. Naona mama pale ameinua mkono tangu nilipotaja mabati, tuanze na yeye.